Sukari Iliyokuwa Ndani ya Mfuko wa Mgonjwa

Neno kustaafu alilianzisha Mama Nuru, mwenye duka. Wiki yangu ya mwisho alikuwa akiwaambia wateja, "Saidi wangu anastaafu," nao wanageuka kumtafuta mzee mwenye mvi, wanakuta ni mimi, kijana ambaye hata ndevu bado zinaota kwa kusitasita. Ukweli ni kwamba nimeacha kazi. Baba amechoka, mikorosho yetu kule Kisarawe inataka mtu wa kuihudumia, na mtu mwenyewe ni mimi. Lakini tangu nilipomaliza darasa la saba sijafanya kazi mahali pengine zaidi ya duka hili la hapa Picha ya Ndege, Kibaha. Kwa hiyo nikisema nimestaafu, sidanganyi sana.

Mama Nuru anataka niwaandikie Rehema na Hamisi, ambao sasa wameshika rafu zangu. Aliniambia, "Kuongea huongei, basi andika." Naandika polepole, na kusoma ni vilevile. Habari za mshahara sitaziandika. Mtazijua wenyewe mwisho wa mwezi.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Athumani, mtunza stoo. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe kama mimi, mrefu, mwenye kofia ya kushona kwa mkono, na alikuwa akiishi Kongowe, hii ya kwetu Kibaha, siyo ile ya Dar. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akanionyesha gunia la sukari na rundo la vifuko. Hakuniuliza jina mpaka mchana.

Kazi ilikuwa kupima. Kilo, nusu, robo, na kile kifuko kidogo cha nusu robo ambacho watu wengi wa mtaani hununua asubuhi kwa ajili ya chai. Unachota, unamimina, unaangalia mizani, unapunguza, unafunga fundo. Fundo likiwa legevu, unyevu unaingia na sukari inashikana kama udongo wa kichuguu. Likiwa la kukaza mno, mteja analing'ata kwa meno, linapasuka, na lawama ni yako. Mzee Athumani alikuwa hachungulii mizani ila mwisho. Aliweka kifuko kwenye kiganja, akafumba macho, akasema, "Hii imezidi kidogo." Ukiweka kwenye mizani, kweli imezidi.

"Mzee, umejuaje?" nilimwuliza.

"Wewe ukibeba mtoto uliyemzoea nyumbani, si unajua kama amekonda? Ndiyo hivyo hivyo. Endelea."

Baadaye alinipandisha kwenye rafu. Kanuni zake zilikuwa chache. Cha zamani kikae mbele, kipya nyuma. Tarehe ya kuharibika isomwe wakati mzigo unaingia, siyo wakati mteja amekushika shati. Kitu cha unga kisilale karibu na sabuni, maana uji wenye harufu ya sabuni hakuna anayeusamehe. Na pakti ikitoboka, itoke siku hiyohiyo, kwa sababu ya sisimizi.

Sisimizi ndio walionifanya nianze kusoma nyuma ya pakti. Ziliwahi kutoboka pakti mbili, moja ya dona na moja ya unga wa uji wa lishe, zikiwa zimelala pamoja. Kwenye dona sisimizi walipita kama watu wanaopita nje ya duka lililofungwa. Kwenye uji wa lishe walijaa. Nikaugeuza mfuko nione una nini. Siwaambii mtumie sisimizi kama kipimo, kwa sababu karanga na mafuta pia wanapenda. Lakini siku ile walinifanya nisome, na kwa kuwa nasoma polepole, nilisoma kila neno.

Mzee Athumani alinikuta.

"Unasoma nini hapo?"

"Nyuma ya pakti, mzee."

"Mbele kuna picha ya mtoto anacheka. Nyuma kuna nini?"

"Maneno mengi."

"Basi yamalize uje unisimulie. Unasoma pakti kama binti aliyeletewa barua ya posa!"

Wateja walicheka. Mimi nilijificha nyuma ya katoni za maji mpaka walipoondoka. Tangu hapo nikawa nasoma wakati duka limepoa, bila kujua nasomea nini. Mengi yalikuwa ya Kiingereza na sikuyaelewa. Niliyazoea tu kwa sura, kama unavyomzoea mtu unayepishana naye kila siku bila kujua jina lake.

Sasa niwaeleze habari ya mfuko wa mgonjwa, kwa sababu mmeukuta ukiwa umebadilika na hamjui ulivyokuwa. Kwetu mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Wengi wanashuka kwenye gari hapo barabarani wana haraka, hawajui wanunue nini. Mama Nuru akabuni mfuko ulio tayari, wenye utepe mwekundu. Ndani aliweka juisi ya boksi, mtindi wa stroberi, pakti ya uji wa lishe, biskuti na glukosi ya unga. Aliyevunjika mguu, aliyejifungua, mwenye malaria, wote mfuko wao ulikuwa uleule. Uliuzika mno. Na mnajua desturi ilivyo: mgeni haridhiki kuuacha mezani. Anataka ufunguliwe palepale, mgonjwa anywe mafunda mawili mbele yake, ndipo aseme, "Haya, sasa moyo wangu umetulia," na aage.

Mzee Athumani alianza kuugua taratibu. Kwanza ilikuwa kiu. Alimaliza chupa kubwa ya maji kabla ya adhuhuri, halafu katikati ya kupima anaaga kwenda msalani, anarudi, anaaga tena. Tulimtania kwamba amepata mke wa pili huko uani. Kisha siku moja niliona damu kwenye kandambili yake. Msumari wa mbao za kupangia mizigo ulikuwa umemchoma kidole gumba cha mguu, umeingia na kutoka, naye hakusikia kitu. Jambo hilo la kutosikia lilinitisha kuliko damu yenyewe.

Hospitali walimwambia ana kisukari, na kwamba kinaonekana kimekaa naye muda mrefu kimya kimya. Alirudi ametangaza vita. Alisimama katikati ya duka akasema, "Kuanzia leo sukari na mimi basi. Nimeipima ya kutosha, kuila hapana." Na kweli aliacha. Chai alikunywa bila sukari, anakunja uso kila funda. Soda hakugusa. Hata kwenye hitma nilimwona akipitisha chai ya maziwa kwa jirani.

Kidonda hakikupona. Kidole kikawa cheusi, kikakatwa. Mahali kilipokatwa nako pakakataa kufunga. Akawa anakaa nyumbani Kongowe na mkewe Bi Kidawa, mguu juu ya mto. Watoto wao wako mbali, kwa hiyo Mama Nuru alinipa ruhusa niwe nampeleka kliniki. Daktari alituambia wazi kabisa kwamba sukari ya damu isiposhuka, kidonda hakitapona, na itabidi wazungumze juu ya kuukata mguu chini ya goti. Alipanga siku ya kukiangalia tena. Mzee Athumani alitoka mle ndani akiniegemea begani. Tulipofika kwenye benchi la nje alisema, "Duka lile lote kazi yake ni ya kusimama, Saidi." Nikaenda kutafuta bajaji.

Nesi aliyekuwa akimpima aliitwa Sista Anna. Siku moja, kipimo kilipotoka juu tena, alimkalisha.

"Mzee, asubuhi umekula nini?"

"Uji."

"Uji wa nini?"

"Wa lishe. Wa pakti. Ni wa wagonjwa ule, una picha ya moyo."

"Umetia sukari?"

"Sista, nimekwambia nimeacha. Kwangu sukari haiingii. Muulize mke wangu."

"Kipimo kinasema inaingia."

"Basi kipimo chako ni cha uongo! Mimi nimepima sukari wewe hujazaliwa. Naijua ilivyo, nyeupe, ina chembe, inang'aa. Mimi si mtoto wa kulamba sukari nikajificha."

Watu kwenye foleni waligeuka. Nilitamani sakafu ipasuke. Sista Anna hakukasirika. Alimwambia, "Sijasema umejificha, baba. Huenda iliyojificha ni sukari." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ni mjukuu wake?"

"Hapana. Nafanya naye kazi dukani."

"Vizuri sana. Niletee pakti na makopo ya kila anachokula. Hata matupu."

Bi Kidawa alinikusanyia. Chini ya meza yao kulikuwa na mifuko ya utepe mwekundu imepangwa kama mzigo wa safari. Kila aliyekuja kumwona mzee alikuja na mmoja, na mwingine ulitoka kwa Mama Nuru mwenyewe. Nilipomwuliza kama mzee anakunywa ile juisi, alinitazama kama niliyeuliza kama jua linachomoza.

"Sasa wageni wamekaa wanamwangalia, asinywe? Na imeandikwa hapo haina sukari. Mimi siwezi kumrudishia mtu mzigo wake mlangoni, mwanangu. Watanisema mpaka Mlandizi."

Sista Anna alinifundisha kwenye kona ya chumba chake, katikati ya wagonjwa, na ninawapa kama alivyonipa. Orodha ya viungo huanza na kilicho kingi kuliko vyote. Sukari ikiwa ya pili au ya tatu, ujue ni nyingi, hata kama mbele kuna picha ya moyo. Pakti ile ya uji ilikuwa na unga wa mahindi kwanza, sukari ya pili. Halafu sukari haitumii jina moja. Kuna sirapu ya glukosi, fruktosi, dekstrozi, maltozi, molasi, asali, juisi ya matunda iliyokolezwa. Wakati mwingine mtengenezaji huweka kidogo ya hii na kidogo ya ile, kila moja inasogea mwishoni mwa orodha, na wewe unadhani hakuna kitu. Ukizijumlisha ndipo unaona. Kwenye maneno ya Kiingereza, yale yanayoishia na herufi o, s, e yatilie shaka kwanza, ingawa si yote yenye kosa.

Kisha kuna jedwali. Hapo wengi wanapotea, na mimi nilipotea. Jedwali linaweza kuandika sukari "kwa kipimo kimoja," na kipimo chao ni kikombe cha mtoto wa mwanasesere. Angalia safu ya gramu mia, halafu angalia boksi zima ni gramu ngapi, maana mtu hanywi safu, anakunywa boksi. Gramu nne ni kama kijiko kimoja cha chai. Ukishajua hilo, hesabu ya darasa la saba inatosha.

Nilirudi dukani nikiwa na moto wa mtu aliyejifunza jana. Nilikuta sukari kwenye mkate wa brauni, ambao watu huuchukua wakidhani rangi ile ni ya afya. Nilikuta kwenye tomato sosi, kwenye siagi ya karanga ya kopo, kwenye supu ya pakti, kwenye majani ya chai yaliyochanganywa na maziwa ya unga. Nilikuta pia kwamba majedwali mengi tulikuwa tumeyafunika sisi wenyewe kwa vibandiko vya bei. Rehema, Hamisi, hili nawaomba kama hamtakumbuka lingine: bei ibandikwe mbele. Nyuma ni kwa ajili ya mtu kusoma.

Nilikosea pia. Niliona jedwali la maziwa fresh limeandika sukari, nikamwambia Bi Kidawa ayaache mara moja. Sista Anna alicheka mpaka akashika meza. "Maziwa yana sukari yake ya kuzaliwa nayo, Saidi. Angalia viungo. Kama ni maziwa matupu, hakuna aliyeongeza. Mwache baba wa watu anywe kikombe chake." Akaniambia pia nisije nikadhani kisukari ni mambo ya pakti tu. Rundo la ugali nalo lina hesabu yake, na dawa zimezwe, na kidonda kisikanyagiwe. Lakini rundo la ugali mzee alikuwa amekwisha kulipunguza, kwa sababu ugali anauona.

Kazi iliyobaki ilikuwa kumwambia. Na mimi kumwambia mkubwa jambo asilotaka ni mlima. Nilijipanga kwa siku kadhaa, maneno nikayapanga kama makopo, kila nikifika Kongowe yanaanguka.

Ijumaa moja baada ya swala nilikwenda nikiwa nimeazima mizani ndogo ya dukani, ile ya betri, na kifuko cha sukari. Niliwakuta watu. Alikuwepo Mzee Masanja, Mnyamwezi, jirani wa siku nyingi na mtani wa Mzee Athumani. Mnajua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani anaruhusiwa kusema lisilosemeka. Alikuwepo pia shemeji wa mzee, Bwana Kondo, mtu mzima wa heshima zake, ametoka Kisarawe asubuhi. Mfuko wenye utepe mwekundu ulikuwa mbele yake. Amekwisha kuufungua, amemimina juisi kwenye glasi, na anamkabidhi mgonjwa.

"Nimechagua ile isiyoongezwa sukari, shemeji. Najua hali yako."

"Kunywa bwana!" alisema Mzee Masanja. "Kunywa upone, wewe Mzaramo. Ukifa mimi ndiye wa kufanya vituko msibani kwako, na mwezi huu nina kazi zangu."

"Nikifa wewe utakuja kwa sababu ya pilau," alijibu Mzee Athumani, glasi mkononi.

"Pilau yenu yenyewe mchele mwingi, nyama ya kutafuta kwa tochi."

Walicheka. Mzee Athumani akainua glasi. Maneno yangu yote yalikuwa yameanguka, kama kawaida. Nikasikia sauti, ilikuwa yangu, ikisema, "Mzee, naomba nipime kwanza."

Wote walinitazama. Bwana Kondo aliuliza, "Apime nini huyu?"

Niliweka mizani kwenye mkeka. Nilichukua boksi la juisi, nikasoma jedwali taratibu, kwa kidole, kwa sauti. Gramu kumi na moja katika kila mililita mia. Boksi ni lita moja. Nikamimina sukari kwenye kifuko kitupu juu ya mizani, kidogo kidogo, mpaka ilipofika gramu mia na kumi. Nikafunga fundo, lile alilonifundisha, nikampa.

Mzee Athumani aliweka glasi chini. Akakipokea kifuko kwenye kiganja. Akafumba macho.

"Nusu robo," alisema. "Pungufu kidogo."

"Ndiyo, mzee."

"Hii ndiyo iko humo?"

"Ndiyo."

"Imeandikwa haikuongezwa!" Bwana Kondo alisema, na uso wake ulikuwa umebadilika. Nilimwonyesha kwenye viungo: maji, na juisi ya zabibu iliyokolezwa. Nilimweleza kwamba hawakutia sukari ya gunia. Walichemsha juisi ya zabibu mpaka ukabaki utamu wake, wakautia huo. Mwilini inafika sukari ileile.

Mzee Athumani hakufumbua macho. "Pima uji," alisema.

Nikapima ya pakti nzima ya uji. Akashika. "Pima mtindi." Nikapima. Vifuko vilijipanga kwenye mkeka mbele ya mguu wake, mbele ya kile kitambaa cheupe kilichofungwa kidonda. Hata Mzee Masanja alikosa la kusema, jambo ambalo Bi Kidawa anasema halijatokea tena. Mwisho mzee alifumbua macho, akavitazama vyote pamoja.

"Vyote hivi nimekula wiki hii," alisema. "Na yule sista nilimwambia kipimo chake ni cha uongo."

Bi Kidawa alikuwa amejishika kichwa. "Mimi ndiye niliyekuwa nakukorogea. Sasa nifanye nini, jamani? Kesho wanakuja akina mama wa kikundi, kila mmoja na mfuko wake. Niwaambie hatupokei? Watu watasema tuna majivuno, tumepata ugonjwa wa kitajiri."

Mzee Athumani alisema hawezi kumkatalia mtu aliyetoka mbali kuja kumwona, na hakuna aliyembishia. Kupokea ni heshima. Mtu angeweza kupoteza mguu kwa ajili ya heshima, na pale chumbani niliona kwamba jambo hilo lilikuwa karibu kabisa kutokea, na kila mtu angekuwa amefanya vizuri.

Ndipo Mzee Masanja aliposimama, akajikung'uta. "Hilo niachieni mimi. Kesho nakaa mlangoni."

Na kesho yake alikaa. Alichukua kiti, akakiweka palepale kizingitini, akakunja nne. Nilikuwepo kwa sababu nilileta mayai. Akina mama walipofika, alinyoosha mkono.

"Ushuru! Mfuko huku."

"Ni wa mgonjwa huo, we mzee!"

"Mgonjwa ni mtani wangu na vyake ni vyangu. Mzaramo huyu sukari imemjaa mpaka anataka kuvunwa kama muwa, na nyinyi mnamwongezea? Huu nakunywa mimi. Pita ndani, mpe pole, huko ndani maneno ndiyo yanayoliwa."

"Huna haya wewe Mnyamwezi!"

"Ningekuwa nayo ningekuwa Mzaramo."

Wakapita ndani wanacheka mpaka wanafuta machozi. Hakuna aliyeona amekataliwa, kwa sababu hakuna anayemkasirikia mtani. Na walipokaa, Bi Kidawa aliwaeleza yote, vifuko akawashikisha. Wiki ya pili walikuja na mayai, mchicha, samaki wa Ruvu. Mzee Masanja alilalamika kwamba ushuru umeharibika. Ile mifuko aliyochukua aliinywa kweli, yeye na wajukuu zake, na siku hizi namwogopea yeye. Nimekwisha kumwambia akapimwe. Ananijibu kwa utani.

Dukani, nilimweleza Mama Nuru. Alinisikiliza huku amekunja mikono. "Kwa hiyo unataka niweke nini? Dagaa? Mtu ampelekee mgonjwa dagaa na utepe mwekundu, kama anakwenda kumposa paka?" Lakini Jumatatu nilimkuta anafungua mifuko mmoja mmoja na kutoa glukosi. Siku hizi kuna mfuko wa utepe mwekundu na mfuko wa utepe wa kijani, na mteja akifika mnamwuliza kwanza, mgonjwa anaumwa nini? Swali hilo msilione la kimbea. Wa kijani una mayai, karanga mbichi, maji, matango na sabuni nzuri. Haujauzika kama ule mwingine, na siwezi kuwadanganya kwamba utauzika. Watu wanapenda kubeba kitu chenye picha ya tunda. Msibishane na mteja, msimhubirie. Geuzeni boksi, mwonyesheni mstari, mnyamaze. Kunyamaza ni kazi niliyoiweza vizuri.

Kule Kongowe kipimo kilianza kushuka. Hakikushuka kama jiwe. Kilishuka kama mtu anayeshuka ngazi mbovu, hatua moja chini, nusu juu. Sista Anna alikuwa akimwandikia mzee namba, na mzee akamwomba radhi mbele ya foleni ileile, kwa sauti ileile aliyomgombezea. Alibadilishiwa dawa pia. Bi Kidawa alikuwa anaosha kidonda kama alivyoelekezwa, na mzee akawa anasali ameketi ili asikikanyagie. Lakini mguu ulikuwa umefungwa muda wote, na sisi wengine hatukujua ndani yake kunaendeleaje.

Siku ya daktari ilifika wiki chache kabla sijaacha kazi. Nilimpeleka mimi. Mzee Athumani alivaa kanzu iliyopigwa pasi, kama anayekwenda kusikiliza hukumu na hataki aikute amechakaa. Alilazwa kwenye kitanda kirefu cha chumba cha vidonda, daktari akasimama upande mmoja, Sista Anna akaanza kufungua bandeji, mzunguko baada ya mzunguko. Mzee aligeuza uso akatazama dari. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa kitanda.

Bandeji ya mwisho iliganda kidogo, sista akailowesha, ikatoka. Daktari aliinama. Akabonyeza pembeni, akabonyeza tena, akanusa. Mimi niliangalia. Pale palipokuwa na kidole palikuwa pamefunga nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa nyekundu, yenye unyevu, safi. Weusi haukuwepo. Daktari alinyooka, akamwambia sista aandike kwamba habari ya kukata haipo tena, waendelee hivihivi. Aliyasema kwa sauti ya chini, kwa maneno yao ya kidaktari, na mzee hakuyapata.

"Saidi," aliniita, macho bado kwenye dari. "Kuna nini huko chini?"

Daktari na sista walinitazama, wakasubiri. Nilikaribia kitandani ili asikie vizuri, na safari hii sauti ilitoka bila kuitafuta.

"Kuna mguu, mzee. Wako."